Michoro ipo, mafundi hawapo: Funzo la roketi kubwa zilizosahaulika

Kuna swali ambalo walimu wa sayansi, na hata sisi walimu wa lugha, huulizwa na wanafunzi mara kwa mara, na ambalo halifai kujibiwa kwa kicheko. Ikiwa Wamarekani walimfikisha binadamu mwezini mwezi Julai mwaka 1969, kwa nini baada ya safari ya mwisho ya Desemba 1972 ilipita takriban nusu karne kabla ya taifa hilo kuwa tena na roketi inayoweza kukipeleka huko chombo cha kubebea watu? Tumezoea kuamini kwamba binadamu akishajua jambo amelijua daima. Iweje basi babu aweze jambo ambalo mjukuu, mwenye kompyuta mfukoni, analishindwa?

Swali hili linaulizwa hata hapa Muhuru Bay, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo Kaunti ya Migori inapakana na Tanzania. Aghalabu linajibiwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema kwamba safari zile hazikufanyika kamwe, kwamba zilikuwa mchezo wa kuigiza uliopigwa picha jangwani. Wapo wengine, wenye nia njema zaidi, wanaosema kwamba Wamarekani waliipoteza michoro ya roketi yao, ama kwa uzembe ama kwa kuichoma moto. Majibu yote mawili ni ya uongo. Lakini kinachonishughulisha zaidi ni kwamba yote mawili yana mzizi mmoja: yanachukulia kwamba maarifa ni karatasi. Anayetoa jibu la kwanza anasema kwamba kama karatasi zingekuwapo, roketi ingejengwa tena mara moja. Anayetoa la pili anasema kwamba kwa kuwa roketi haijengwi tena, bila shaka karatasi zimepotea. Hakuna hata mmoja anayeuliza habari za watu.

Tuanze na yale yanayojulikana. Roketi iliyowapeleka watu mwezini iliitwa Saturn V. Urefu wake ulikuwa mita 110 na ushei. Iliruka mara 13, ya kwanza Novemba 1967 na ya mwisho Mei 1973 ilipokipeleka angani kituo cha Skylab. Sehemu yake ya chini ilisukumwa na injini tano zilizoitwa F-1, na kila moja ilikuwa na nguvu ya msukumo ya takriban tani 680. Injini hizo tano kwa pamoja ziliteketeza mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni ya kimiminika kwa kiasi cha tani 13 hivi katika kila sekunde moja. Katika kilele cha mradi mzima wa Apollo, watu wapatao 400,000 walikuwa kazini, katika viwanda, karakana, maabara na vyuo vikuu.

Kilichoiua Saturn V hakikuwa moto wala wizi. Ilikuwa bajeti. Mwaka 1968, kabla hata mtu wa kwanza hajakanyaga mwezi, uamuzi ulifanywa kwamba roketi zisizidi 15 zilizokwisha kuagizwa. Viwanda vikaanza kufungwa, mikataba ikakoma, mafundi wakatafuta kazi nyingine. Minara ya kurushia ikabadilishwa ili itumike na vyombo vya aina nyingine. Roketi zilizosalia zikalazwa chini kama nyangumi waliokufa, na hadi leo wageni huenda kuzitazama Houston, Huntsville na Florida. Na ile michoro inayosemekana kupotea? Ilihifadhiwa katika filamu ndogo na katika majengo ya kumbukumbu za serikali. Ipo.

Mwaka 2012 wahandisi vijana wa shirika la anga la Marekani huko Huntsville, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati wa safari za mwezini, walipewa ruhusa ya kuifungua injini ya F-1 iliyokuwa imehifadhiwa tangu zama hizo. Nia yao ilikuwa kuona kama kizazi kipya cha injini hiyo kingeweza kutumika tena katika roketi kubwa mpya. Walikuwa na michoro. Walikuwa na injini yenyewe. Hata hivyo iliwabidi waipime kipande kwa kipande kwa mashine za mwanga, kana kwamba ni wanaakiolojia walioangukia kaburi la mfalme. Sababu ni kwamba injini hizo zilikuwa zimechomelewa kwa mkono, na kila moja ilikuwa na marekebisho madogo ambayo fundi aliyafanya papo hapo, pengine kwa kuyaandika kwenye kijitabu chake mwenyewe, pengine kwa kuyaweka kichwani tu. Mchoro ulisema vyuma viwili viunganishwe. Haukusema mkono uegemee wapi na moto uondolewe lini.

Ni vyema msomaji akumbuke pia jinsi injini hiyo ilivyopatikana. Katika siku zake za mwanzo moto ndani ya chumba cha mwako ulikuwa ukiyumba na kuirarua injini nzima. Hapakuwa na hesabu iliyotosha kueleza tatizo hilo. Wahandisi walilazimika kulipua mabomu madogo ndani ya injini iliyokuwa ikiwaka, kuitazama ikituliza moto wake au ikivunjika, kisha kuubadilisha muundo na kujaribu tena, kwa miaka. Mchoro wa mwisho unatuonyesha umbo lililoshinda. Hautuonyeshi yale yote yaliyoshindwa, wala hautuelezi kwa nini tundu fulani liko pale lilipo. Aliyejua hilo ni yule aliyeona matundu mengine yakileta balaa.

Waama, hapa hatuhitaji kwenda Huntsville ili kuyaelewa mambo haya. Watazame mafundi wa mashua za mbao katika mwambao huu wa ziwa, mashua wanazotumia wavuvi kwenda kuvua omena usiku kwa taa. Fundi wa mashua hafanyi kazi kwa mchoro. Jicho lake ndilo rula. Anajua ni ubao upi utakaokubali kupindwa na upi utakaopasuka; anajua mwanya wa kuzibwa na mwanya utakaojifunga wenyewe mbao zikivimba majini. Ukimwomba akueleze, atakueleza nusu, nusu nyingine atakuambia, “Shika hapa, utaona mwenyewe.” Mwanafunzi wake hujifunza kwa kushika. Sasa chukulia kwamba mashua zote zikawa za plastiki, zikanunuliwa dukani kwa miaka 50, na mafundi wakaisha. Tungekuwa na picha za mashua, na pengine mashua moja katika jumba la makumbusho. Mtu akitaka kuiunda mpya angeanzia wapi?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Sina ugomvi na wahenga. Lakini yapasa tuongeze kwamba daftari bila mali nayo ni habari tu. Wahenga hao hao walisema kwamba ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini mjuzi huzeeka, na asipomwachia mtu mkono wake, ujuzi huo ambao haukuzeeka huzikwa ukiwa kijana.

Atatokea mtu aseme: ikiwa michoro haitoshi, basi tuhifadhi vyombo vyenyewe. Kisa cha Warusi kinatupa jibu. Wasovieti nao walijenga roketi kubwa ya kwendea mwezini, iliyoitwa N1. Ilijaribiwa mara nne kati ya 1969 na 1972, na mara zote nne ilianguka au kulipuka. Mradi ukafutwa, na amri ikatoka kwamba injini bora zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili yake, NK-33, ziharibiwe. Wahandisi hawakutii. Walizificha injini kadhaa katika ghala huko Samara, na zikakaa humo kwa takriban miaka 20. Katika miaka ya 1990 Wamarekani walizinunua, wakastaajabia ubora wake, na hatimaye wakazifunga katika roketi iitwayo Antares, iliyoanza kuruka mwaka 2013. Oktoba 2014 mojawapo ya roketi hizo ililipuka sekunde chache tu baada ya kuondoka ardhini. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye pampu ya injini, na injini hizo zikaachwa. Hapa chombo kilihifadhiwa kwa ushujaa mkubwa, lakini chuma kilikuwa kimezeeka, na karakana iliyokizaa haikuwa ikifanya kazi hiyo tena. Kumiliki kitu si sawa na kuwa na uwezo wa kukizaa upya.

Sisi wa Migori hatukosi mfano wetu. Thimlich Ohinga, ile ngome ya kuta za mawe ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, imesimama kwa karne kadhaa bila saruji wala udongo wa kuyashikamanisha mawe. Jiwe limeegemea jiwe, na ukuta umekataa kuanguka. Tunao ukuta, tunaweza kuupima, kuupiga picha na kuwatoza watalii kiingilio. Lakini mazungumzo ya waliokuwa wakiujenga, yule mmoja akimwambia mwenzake kwamba jiwe hili ligeuzwe na lile litupwe, hayamo ndani ya ukuta.

Je, maarifa yaliyokwisha kuachwa yanaweza kufufuliwa? Naam, yanaweza, na ushahidi ulio bora uko ng'ambo ya ziwa hili hili, upande wa magharibi, katika nchi ya Buhaya karibu na Bukoba. Wahaya na jirani zao walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuri za udongo tangu kale. Mabaki ya tanuri katika eneo hilo ni ya miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Katika karne ya 20 majembe na vyuma vilivyoletwa kwa meli viliwaondoa wafua chuma sokoni, na tanuri zikazimika. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery waliwaendea wazee waliokuwa wameiona au kuifanya kazi hiyo ujanani mwao, wakawaomba waifanye tena.

Wazee hawakukariri kitabu, kwa kuwa hapakuwa na kitabu. Walibishana. Mmoja alikumbuka jambo hili, mwingine lile. Walichimba shimo, wakalijaza majani ya bwawani na kuyachoma yawe kaa, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu na mabaki ya tanuri za zamani, wakapuliza kwa mivukuto. Majaribio ya mwanzo hayakuwaridhisha. Walirekebisha, wakajaribu tena, na chuma kikapatikana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, na ulimwengu ukalazimika kuitazama upya historia ya ufundi wa Kiafrika.

Katika kisa hicho kuna mambo mawili ambayo ningependa walimu wayatilie mkazo. Kwanza, wazee walikuwa hai. Lau wageni wale wangefika miaka 20 baadaye, wangekuta vichuguu na majani ya bwawani, lakini wasingekuta mtu wa kubishana naye. Pili, wazee hawakuyarudia tu waliyoyakumbuka. Walijaribu, wakashindwa, wakabuni. Kufufua si kurudia. Hata wale vijana wa Huntsville, walipomaliza kuifungua F-1, hawakupendekeza injini ile ile ijengwe. Walipendekeza injini mpya yenye vipande vichache zaidi, iliyorahisishwa kwa mbinu ambazo babu zao hawakuwa nazo. Januari 2013 waliwasha tena kitengo kidogo cha injini ya zamani, kile kinachoendesha pampu zake, na moto ukawaka sawasawa. Pendekezo lao halikuchaguliwa mwishowe. Roketi mpya ya Marekani, SLS, iliyoruka kwa mara ya kwanza Novemba 2022, ilitumia injini zilizobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vyombo vilivyokuwa vikienda angani na kurudi hadi mwaka 2011. Injini hizo hazikuwa na nguvu kuliko F-1. Zilikuwa na kitu kimoja ambacho F-1 haikuwa nacho: watu waliozijua bado walikuwa kazini.

Mimi ni mwanaisimu, na huenda msomaji ameanza kujiuliza mtu wa nomino na vitenzi anatafuta nini miongoni mwa roketi. Jibu ni kwamba jambo hili tunalijua vizuri katika taaluma yetu, na Muhuru Bay ni mojawapo ya mahali pa kulisomea. Watu wengi wa mwambao huu ni wa asili ya Wasuba, jamii ya Kibantu. Kizazi baada ya kizazi Wasuba wengi waliiacha lugha yao na kuhamia Kidholuo, kwa sababu ya ndoa, biashara, na kwa kuwa kanisa na shule zilitumia Kidholuo. Hakuna aliyewakataza kwa mjeledi. Mwaka 1992 Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walichapisha uchunguzi wao kuhusu uhamaji huo, na UNESCO imeiorodhesha lugha hiyo miongoni mwa zilizo hatarini. Leo Kisuba kimeshikilia zaidi katika kisiwa cha Mfangano kuliko huku bara.

Juhudi za kukifufua zimefanywa, na zinastahili heshima. Vitabu vya kusomea viliandaliwa, Agano Jipya limetafsiriwa, na Mfangano kuna redio ya jamii, Ekialo Kiona. Lakini kila mwanaisimu anajua kwamba sarufi na kamusi, hata zikiwa bora namna gani, ni michoro ya Saturn V. Zinatuambia neno lilikuwaje. Hazimwambii mtoto jinsi ya kumtania shangazi yake, jinsi ya kukataa bila kutukana, wala mahali pa kunyamaza. Hayo hupokewa kutoka kinywa hadi sikio, na mnyororo ukikatika kwa kizazi kimoja tu gharama ya kuuunga huwa kubwa mno. Lugha haifi siku mzee wa mwisho anapozikwa. Hufa mapema zaidi, siku mama wa kwanza alipoona haina haja kumfundisha mwanawe. Vivyo hivyo roketi kubwa haikufa Mei 1973. Ilikufa siku fundi alipoondoka karakana bila mwanafunzi.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wenyewe kama taifa, maana Kenya nayo ina roketi zake zilizosahaulika. Wanafunzi wengi ninaokutana nao hawajui kwamba pwani yetu, katika bahari iliyo mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, palikuwa na kituo cha kurushia roketi. Ulikuwa mradi wa Waitaliano kwa ushirikiano na Wamarekani, ukiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Jukwaa la chuma lililoitwa San Marco lilisimamishwa baharini. Kati ya Aprili 1967 na Machi 1988 setilaiti tisa zilipelekwa angani kutoka hapo kwa roketi za Scout. Scout haikuwa roketi kubwa; urefu wake ulikuwa mita 23 hivi. Lakini ilikuwa ikipeleka setilaiti kuizunguka dunia, na ilikuwa ikiondoka katika maji yetu.

Mojawapo ya setilaiti hizo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na kwa heshima ya nchi yetu ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na ilisaidia kutoa ushahidi wa awali kuhusu mashimo meusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo ya kisayansi, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika historia ya elimu ya nyota kwa sababu ya Ngomeni.

Tangu Machi 1988 hakuna setilaiti nyingine iliyoondoka pale. Kituo cha Malindi kiliendelea na kazi ya kupokea mawimbi na kufuatilia vyombo vya angani, lakini jukwaa likaachiwa chumvi na ndege. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipopeleka setilaiti yake Taifa-1, ilibidi isafirishwe hadi California, ikapandishwa kwenye roketi ya kampuni ya Kimarekani. Mwaka 1970 Wamarekani walileta setilaiti yao Kenya ili irushwe. Mwaka 2023 Wakenya tuliipeleka yetu Marekani. Sisemi hivyo kwa kuidharau Taifa-1, wala ile setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani mwaka 2018. Hizo ni hatua za kujivunia. Nasema ili tuone umbali wa mahali tulipoachia.

Tangu Shirika la Anga la Kenya lilipoundwa mwaka 2017 yamekuwapo mazungumzo ya kujenga kituo kipya cha kurushia roketi. Hoja inayotolewa ni ya kijiografia, nayo ni sahihi: dunia huzunguka kwa kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde katika ikweta, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na mstari huo hupewa kasi hiyo bure. Lakini ikweta haihami. Ilikuwapo kabla ya Broglio na itakuwapo baada yetu. Iliyo haba ni rasilimali nyingine, nayo inapungua kila mwaka: wale watu wa Ngomeni na Malindi waliofanya kazi kwenye jukwaa. Mabaharia waliosafirisha vyuma, mafundi wa umeme, walinzi wa mitambo, wapishi waliosikia yaliyosemwa mezani baada ya kila jaribio. Kijana aliyekuwa na miaka 25 Uhuru iliporushwa leo amefikia au amepita miaka 80. Tumewauliza nini? Tumeandika nini walichotujibu?

Najua pingamizi litakalotolewa. Watu watasema kwamba ufundi wa Scout umepitwa na wakati, kwamba makampuni kama SpaceX yamejenga roketi zinazorudi ardhini na kutumika tena, na kwamba baharia mzee wa Ngomeni hana la kumfundisha mhandisi wa leo. Hoja hii ina ukweli wake. Hakuna anayetaka Scout ijengwe tena, kama vile hakuna anayetaka nchi ilime kwa majembe ya tanuri za Buhaya. Lakini tunachowahitaji wazee hao watuambie si jinsi ya kutengeneza roketi. Ni jinsi kazi hiyo ilivyofanyika mahali petu: jinsi chumvi inavyokula nyaya, jinsi kaskazi na kusi zinavyogeuza ratiba, jinsi wavuvi walivyoarifiwa wasikaribie, jinsi kijiji kilivyofaidika na jinsi kilivyodhulumika. Mhandisi mwenye kitabu kipya kuliko vyote hayakuti hayo kitabuni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutolewa na watu wenye uchungu wa kweli: barabara zetu ni mbovu, shule hazina madawati, roketi ni ya nini? Nawaomba wenye hoja hii wamtazame mvuvi wa Muhuru Bay. Dhoruba za ziwa hili zimewaua watu wengi, na onyo la dhoruba hutegemea setilaiti. Magugumaji yanayoziba bandari huonekana kutoka juu kabla ya kufika ufuoni. Ramani za maeneo ya samaki, simu aliyonayo mfukoni, yote yamepitia angani. Hatuna hiari ya kutokuwa watumiaji wa anga. Tayari ni watumiaji. Hiari tuliyo nayo ni kama tutabaki wanunuzi tu, au tutakuwa na watu wetu wanaojua kitu kinavyofanya kazi na wanaoweza kukitengeneza kikiharibika.

Basi yafaa nini kifanyike? Katika kila mkataba tunaotia saini na mataifa ya kigeni, tusiulize tu kodi ya ardhi ni kiasi gani na bendera ya nani itapepea. Tuulize ni vijana wangapi wa Kenya watakaoingia karakana, watakaa humo miaka mingapi, na nani atakuwa fundi wao. Ziara ya siku tatu yenye vyeti na picha za magazetini haimfundishi mtu kuchomelea. Vyuo vikuu vyetu, kwa upande wao, viwatume wanafunzi Ngomeni wakiwa na vinasa sauti, wa uhandisi wakiandamana na wa historia na wa isimu, wawahoji wazee kwa lugha wanayoiota usiku. Kazi hiyo haihitaji fedha za roketi.

Jambo la tatu linawahusu walimu moja kwa moja. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Ni kazi kubwa, na rafu za maktaba zetu zinayo. Lakini istilahi isiyotamkwa na mtu aliyeshika chombo mkononi hubaki maiti iliyovishwa vizuri. Mwalimu wa fizikia akiwaruhusu wanafunzi wake wabishane kwa Kiswahili, au kwa lugha yao ya nyumbani, kuhusu kwa nini roketi ya chupa ya maji imeenda kombo, amefanya zaidi ya kutoa somo. Amewafanya wawe kama wale wazee wa Buhaya: wanakumbuka, wanabishana, wanashindwa, wanarekebisha. Na mwalimu anayemtuma mwanafunzi kwa fundi wa mashua ufuoni, akamwuliza kwa nini ubao umepindwa vile, kisha akarudi na jibu darasani, ameunganisha kiungo kimoja cha mnyororo.

Kwa yule mwanafunzi anayedai kwamba safari za mwezini zilikuwa uongo kwa kuwa hazikurudiwa upesi, tumwambie ukweli ulio mgumu kuliko uongo huo. Zilifanyika. Watu waliozifanya walikuwa stadi kuliko tunavyodhani, na jamii iliyowalipa ikachoka kuwalipa. Mataifa tajiri kuliko yote yamepoteza ujuzi mkononi huku daftari likiwa kabatini. Ikiwa hao wamepoteza, sisi wenye madaftari machache na wazee wachache tunapaswa kufanya haraka maradufu.